Diski ya laptopu haionekani nikiichomeka kwa adapta ya USB ingawa taa inawaka. Nisaidieni kabla sijafomati

#1 Sauti_ya_Nne
Habari wadau. Laptopu yangu imekufa ubao mama, fundi kathibitisha. Nikaifungua, nikatoa diski, nikanunua adapta ya SATA (plagi ya diski za ndani) kwenda USB, ile ya waya mfupi isiyo na chaja yake. Nikichomeka, taa ya adapta inawaka na Windows inatoa ule mlio wa kupokea kifaa, lakini diski haitokezi popote. Baada ya sekunde kadhaa nasikia mlio wa kuchomoa, na mimi sijagusa kitu. Nimejaribu matundu mawili.

Ndani kuna miaka 9 ya rekodi za kwaya yetu, kila sauti imerekodiwa kivyake. Miaka 3 ya mwanzo mwenzetu mmoja anayo. Iliyobaki iko humo tu. Jirani kaniambia nifomati ndiyo itaonekana. Sijafanya bado.

#2 Kiganja
Usifomati. Huyo jirani mshukuru kwa nia njema halafu umwache hapo hapo.

Chomeka tena ukiwa umeilaza diski kiganjani. Je, unahisi mtetemo laini usiokatika, kama kitu kinachozunguka ndani? Au hakuna kitu? Au inaanza, inagonga tik, inatulia, inaanza upya? Ukijibu hilo tutakuwa tumeondoa nusu ya maswali.

#3 Bisibisi_Kavu
Tatizo ni umeme, sina haja ya kusoma zaidi. Diski inataka volti 12 kwa ajili ya mota, na USB inatoa volti 5 tu. Tafuta adapta yenye chaja ya ukutani.

#4 DadaFaili
@Bisibisi_Kavu kaka, kasema laptopu. Za laptopu ni inchi 2.5 na zinaendeshwa kwa volti 5 peke yake. Zinazotaka 12 ni zile pana za inchi 3.5 za kompyuta za mezani. Soma polepole, tuna usiku mzima.

#5 Bisibisi_Kavu
Haya dada, nimekosea saizi. Ila neno "umeme" silirudishi.

#6 Sauti_ya_Nne
Asanteni. Nimeilaza kiganjani. Inaanza kuzunguka, nahisi kabisa, kisha inatoa tik moja, mzunguko unafifia, inaanza tena. Mara ya tatu au ya nne Windows ndiyo inatoa mlio wa kuchomoa. Ni inchi 2.5, TB 1. Lebo imeandikwa 5V 1A.

#7 Ampea_Tano
Lebo imesema yote. Tundu la USB 2.0 limeahidiwa kutoa miliampea 500. Diski za aina hii hunywa umeme mwingi pale tu sahani zinapoanza kuzunguka, na zikishashika mwendo matumizi yanashuka sana. Kwa hiyo inakwama mlangoni: mota inavuta, volti inaanguka, saketi ya diski inajizima ili isiandike uchafu, vichwa vinarudi kwenye maegesho yake (ndiyo hiyo tik), halafu inajaribu upya. Taa ya adapta haithibitishi kitu, ile huwaka hata kwa umeme kiduchu.

Tumia tundu la USB 3.0. Hilo linatoa ampea 1.5, linatosha na chenji inabaki.

#8 Ohm_wa_Ohm
Maelezo mazuri, tarakimu moja tu nairekebisha. Tundu la kawaida la USB 3.0 ni miliampea 900. Hizo 1.5 ni za matundu yaliyotengenezwa kwa kuchajia, na si kila kompyuta inayo. Kwa hiyo diski ya 1A iko ukingoni hata kwenye USB 3.0. Matundu mengi hutoa zaidi ya ahadi, ndiyo maana watu hawaoni shida mpaka wakutane na tundu linalofuata sheria.

Sauti_ya_Nne, hayo matundu mawili ni ya mbele au nyuma ya kasha?

#9 Sauti_ya_Nne
Ni kompyuta ya mezani ya ofisini kwetu. Yote mawili ya mbele.

#10 Ampea_Tano
Nakubali marekebisho ya #8. Na mbele ndiko kubaya zaidi: umeme unapita waya mwembamba kutoka ubao mama mpaka usoni mwa kasha, volti inapungukia njiani. Chomeka nyuma kabisa, moja kwa moja kwenye ubao. Usipitishe kwenye habu wala kebo ya kurefushia.

#11 Chipu_Daraja
Nawasoma tangu asubuhi na kila mtu kaegemea umeme. Mimi nasema ni adapta. Ndani ya hicho kiplastiki kuna chipu inayotafsiri lugha ya SATA kwenda USB. Windows inapotoa mlio, kilichoonekana ni hiyo chipu, wala si diski. Ndiyo maana unasikia mlio na huoni kitu.

Nilikuwa na diski iliyofanya vivyo hivyo, inajitokeza na kupotea. Nilibadilisha waya, matundu, hata kompyuta. Nilipoazima adapta nyingine ikasoma mara ya kwanza, tundu lile lile la mbele. Ile ya zamani nikaitupa.

#12 Ohm_wa_Ohm
@Chipu_Daraja hiyo adapta ya pili ilikuwa na waya mfupi au mnene zaidi?

#13 Chipu_Daraja
Mfupi, kama sentimita 15. Naona unakokwenda. Sawa, huenda waya ulichangia, sikupima.

#14 DadaFaili
Wakati wakubwa wanagombania volti, mwenye uzi afanye jambo moja la bure. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, ingiza. Angalia sehemu ya chini ya kidirisha. Kuna hali tatu ambazo watu wanazichanganya:

Kama diski ipo na saizi yake sahihi ila haina herufi (ile D: au E: ya Windows), unaipa herufi tu. Niliwahi kuhangaika saa nzima kwa sababu herufi iliyokuwa ikitakiwa ilikuwa imeshikwa na folda ya mtandao wa ofisi. Diski ilikuwa nzima kabisa.

Kama ipo na saizi sahihi lakini patisheni imeandikwa RAW, mpangilio wa faili hausomeki. Labda umeharibika, labda ni wa mfumo mwingine tu, maana Windows haijui ext4 wala APFS.

Kama imeandikwa Unknown, Not Initialized na nafasi ya saizi iko tupu, basi chipu imejibu ila diski haijajibu.

Na tafadhali, tafadhali: kikitokea kidirisha kinachokuuliza kama unataka Initialize, jibu ni Cancel. Ukikubali, kinaandika jedwali jipya la patisheni mwanzoni mwa diski. Faili hazifutiki zote, lakini umeongeza kidonda juu ya kidonda.

#15 Kibanzi
Samahani kuingilia uzi. Mimi nina diski ile nyembamba kama ubani, imeandikwa NVMe, nimeiweka kwenye adapta ya M.2 na haionekani pia. Ni umeme?

#16 DadaFaili
@Kibanzi hapana, ni lugha. Adapta nyingi za bei nafuu za M.2 ni za SATA tu. Angalia meno: yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, yenye pengo moja upande wa M mara nyingi ni NVMe. Sehemu ya kuchomeka inafanana, ndiyo inayowadanganya watu. Tafuta adapta iliyoandikwa NVMe waziwazi.

#17 Mzee_wa_Jampa
Na mimi niseme kidogo, vijana. Enzi za IDE, zile za utepe mpana wa waya, nusu ya diski "zisizoonekana" kwenye adapta ilikuwa kajampa kadogo nyuma, kile kiplastiki cha kuunganisha pini mbili, kamewekwa nafasi ya mtumwa (slave). Ukikahamishia nafasi ya bwana (master), au ukakatoa kabisa kwa baadhi ya diski, inasoma papo hapo. SATA haina mambo hayo, lakini nimeona bado watu wanafufua diski za zamani, wasome hapa.

#18 Kiganja
Shikamoo mzee. Nina mbili za hivyo kabatini, Jumamosi nakatafuta hako kajampa.

#19 Baridi_Sana
Mkuu, funga hiyo diski kwenye mfuko wa nailoni, iweke friza saa moja, itoke ikiwa ya baridi itasoma. Nimesikia kwa wengi.

#20 Ohm_wa_Ohm
HAPANA. Diski baridi ikikutana na hewa ya chumbani, unyevu unaganda juu yake, na diski nyingi zina kitundu cha kupumulia. Vichwa vinaelea juu ya sahani kwa umbali unaopimwa kwa nanomita. Tone dogo la ukungu hapo ni mwamba. Miaka 9 ya kwaya haiendi friza.

#21 Baridi_Sana
Nimeelewa. Sikuwahi kujaribu mwenyewe, nilisikia tu. Sauti_ya_Nne usinisikilize.

#22 Sauti_ya_Nne
Nimerudi. Nimechomeka nyuma, tundu la bluu (USB 3.0). Sasa haikatiki haraka, inazunguka muda mrefu zaidi, lakini tik bado ipo kila baada ya sekunde kama 10. diskmgmt.msc inaonyesha Disk 1, Unknown, Not Initialized, saizi tupu. Kidirisha cha Initialize kilitokea, nikabonyeza Cancel, mkono ukitetemeka.

#23 Ampea_Tano
Umeona? Tundu la nyuma limebadilisha tabia. Hiyo ni dalili ya umeme. Tafuta kebo yenye vichwa viwili vya USB, kimoja cha kuongezea umeme tu, au adapta yenye chaja.

#24 Chipu_Daraja
Au chipu ilipata umeme safi zaidi ikavumilia muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Dalili moja, tafsiri mbili. Nashauri aende tundu la USB 2.0 hapo hapo nyuma. Baadhi ya chipu zina njia mpya ya mawasiliano iitwayo UAS zinapokuwa kwenye USB 3.0, na njia hiyo inawatesa wengi. Kwenye USB 2.0 zinarudi njia ya zamani.

#25 Ampea_Tano
Yaani diski inalia njaa nawe unaipeleka kwenye sahani ndogo zaidi? 500 badala ya 900?

#26 Chipu_Daraja
Najua inaonekana kinyume. Lakini nimeona ikifanya kazi, zaidi ya mara moja.

#27 Kasha_Tupu
Swali kwa mwenye uzi: laptopu ilikuwa na nenosiri linaloombwa kabla hata Windows haijaanza? Baadhi ya laptopu huweka kufuli ndani ya diski yenyewe. Ukiihamisha, inazunguka vizuri lakini inakataa kusomwa.

Yangu ilikuwa tofauti kidogo, ila ina funzo. Nilivunja kasha la diski ya nje baada ya tundu lake la USB kung'oka, nikaiweka diski kwenye adapta. Saizi sahihi, lakini RAW. Kumbe chipu ya lile kasha ilikuwa inasimba kila kitu hata bila mimi kuweka nenosiri. Nililazimika kutafuta mtu wa kuchomelea tundu jipya kwenye saketi ile ile ya kasha. Ilisoma. Kwa hiyo wanaovunja makasha, msitupe kile kisaketi.

#28 DadaFaili
@Kasha_Tupu hilo la kasha ni muhimu sana, asante. Lakini kwa kesi hii, diski zenye kufuli nilizoziona zilikuwa zinataja saizi yake. Ya kwake haitaji. Na kufuli haligongi tik.

#29 Sauti_ya_Nne
Hapana, sikuwa na nenosiri la kabla ya Windows.

#30 Pengwini_Mtulivu
Windows inaficha mazungumzo. Washa kompyuta kwa fleshi yenye Linux, usisakinishe kitu, fungua teminali, andika `sudo dmesg -w` halafu ndiyo uchomeke diski. Utaona kila neno ambalo adapta na diski zinaambiana. Tuletee mistari ya mwisho.

#31 Sauti_ya_Nne
Imenichukua jioni nzima lakini nimeweza. Adapta inatambuliwa, jina linatokea, kisha "Read Capacity(10) failed", kisha "reset SuperSpeed USB device" mara nyingi, mwisho "USB disconnect".

#32 Pengwini_Mtulivu
Safi, umefanya kazi nzuri. Maana yake: chipu imeuliza diski "una ukubwa gani?" na diski haikujibu kwa wakati. Basi. Hapo hakuna anayeweza kusema kwa nini haikujibu. Njaa, chipu, au diski yenyewe imezeeka na inachelewa kuwa tayari.

Kwa kuwa una kompyuta ya mezani, mbona tunazunguka? Ondoa adapta kwenye hesabu. Zima, chomoa umeme, fungua kasha, iunganishe kwa kebo ya SATA na ile plagi ya umeme bapa yenye njia 15 kutoka pawa saplai. Diski ya 2.5 inaingia vile vile. Iweke juu ya kadibodi kavu, isilale kwenye chuma.

#33 Bisibisi_Kavu
Hili ndilo lilitakiwa kuwa jibu #2.

#34 Kiganja
#2 ni mimi, na bila kiganja tusingejua kwamba inazunguka. Ila umesema kweli.

#35 Sauti_ya_Nne
WADAU. Imeonekana. Ilichukua muda, nilidhani kompyuta imeganda, lakini Linux imeitaja: baiti 1000204886016. Nimeona folda kwa macho yangu. Mikono baridi. Nianze kukopi?

#36 Pengwini_Mtulivu
Subiri. Usiburute folda kwa kipanya. Kwanza andika `sudo smartctl -a /dev/sdb` (hakikisha herufi ni ya diski mbovu), ni ripoti ya afya ya diski, utupe namba ya mstari wa 5 na wa 197.

#37 Sauti_ya_Nne
Wa 5 ni 0. Wa 197 ni 88.

#38 Pengwini_Mtulivu
197 ni sekta zinazosubiri hukumu: diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa. 88 si msiba, lakini diski inaumwa. Kila dakika inayozunguka itumike kuokoa.

Tafuta diski nzima yenye nafasi kubwa kuliko TB 1. Sakinisha ddrescue, programu ya kunakili diski inayoumwa (kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue, amri ni ddrescue). Kisha:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /njia/kwaya.img /njia/kwaya.map`

Hiyo -n inafanya izoe kwanza maeneo mepesi na kuacha yanayogoma. Faili ya .map inakumbuka ilipofika, kwa hiyo hata umeme ukikatika unaendelea pale pale kwa amri ile ile. Chanzo kinatangulia, mahali pa kuweka panafuata. Ukizigeuza unaandika juu ya kwaya. Soma mstari mara tatu kabla ya kubonyeza.

#39 DadaFaili
Mara nne.

#40 Chipu_Daraja
Na mimi naomba niseme: imesoma bila adapta. Nilisema adapta.

#41 Ampea_Tano
Imesoma kwa pawa saplai. Nilisema umeme.

#42 Ohm_wa_Ohm
Na ina sekta 88 mbovu, na ilichelewa kujitokeza hata kwenye SATA. Kuna wanaosema diski. Wote watatu mmejiokotea ushahidi kwenye kapu moja.

#43 Sauti_ya_Nne
Siku ya pili. Duru ya kwanza imekwisha, asilimia 99.98 imesomwa. Nimerudia bila -n kwa maeneo yaliyobaki, imeokota kidogo tena. Nimefungua picha ya diski (ile kwaya.img) kwa kusoma tu na kukagua folda moja moja. Faili mbili za mazoezi zina mkwaruzo katikati, nyingine zote nilizofungua zinaimba. Nimesikia sauti ya nne ya wimbo tuliourekodi mwaka wa kwanza, na mwimbaji wake hayupo nasi tena. Asanteni sana. Nakala ya pili inaandikwa sasa hivi, ya tatu itakwenda kwa mwenzetu.

Sasa nimeingiwa na hamu ya kujua. Nimechukua adapta ile ile nikaijaribu na SSD ya zamani (diski isiyo na sahani), kwenye tundu lile lile la mbele. Imesoma mara moja, bila shida.

#44 Bisibisi_Kavu
Basi adapta ni nzima. Pole @Chipu_Daraja.

#45 Chipu_Daraja
Taratibu. SSD inajibu papo hapo, chipu haihitaji kusubiri. Diski ya sahani inahitaji sekunde kadhaa kuwa tayari, na chipu nyingine zina subira fupi. Kusoma SSD hakuthibitishi subira.

#46 Ampea_Tano
Wala hakuthibitishi umeme, maana SSD haina mota ya kuanzisha.

#47 Mzee_wa_Jampa
Kuna jambo hakuna aliyeligusa. Diski ilikaa ndani ya laptopu miaka mingapi bila kuchomolewa? Vile vijidhahabu vya plagi hushika utando. Kila alipochomeka na kuchomoa alikuwa anavisugua. Huenda mpaka alipofika kwenye SATA ya ndani vilikuwa vimeshasafishika.

#48 Sauti_ya_Nne
Miaka 7, mzee. Haijawahi kutolewa.

#49 Ohm_wa_Ohm
Hiyo nayo inaingia. Rafiki yangu ana kile kipimo kidogo cha USB kinachoonyesha volti. Ukipata kama hicho, na kwa kuwa data iko salama mara mbili, chomeka diski kwa adapta mara moja tu na utazame namba pale inapoanza kuzunguka. SATA inataka volti 5 isipungue 4.75.

#50 Sauti_ya_Nne
Nakala ya tatu imekwisha, kwa hiyo nimejaribu. Mbele: 4.61 inapoanza, kisha tik. Nyuma: 4.78 inapoanza, na bado tik, ila kwa kuchelewa.

#51 Ampea_Tano
4.61! Nimemaliza.

#52 Chipu_Daraja
4.78 iko ndani ya mipaka na bado haikusoma. Hujamaliza.

#53 Ohm_wa_Ohm
Kipimo chenyewe kinapunguza kidogo, na kinapima kabla ya waya wa adapta. Kwenye plagi ya diski ni chini ya hapo, hatujui kiasi gani. Sauti_ya_Nne, una namna ya kupata adapta yenye chaja yake, hata ya kuazima?

#54 Sauti_ya_Nne
Mwenzetu wa besi anayo. Tuna mazoezi Alhamisi, nitaichukua.

#55 Kibanzi
Ile adapta iliyoandikwa NVMe imesoma, dada. Asante. Nasubiri Alhamisi pamoja nanyi.